Uji wa Asubuhi na Uji wa Alasiri

Katika nyumba nyingi za Nyankunde uji wa mtoto hupikwa mara moja kwa siku, alfajiri, kabla mama hajaenda shambani. Si uvivu, wala si ujinga. Ni kuni. Mama mwenye mzigo mmoja wa kuni wa kutumia siku nzima hawezi kuwasha moto mara nne kwa ajili ya kikombe cha mtoto wa miezi tisa, na anayenunua makaa anaijua bei ya gunia. Basi uji unapikwa saa kumi na mbili, mtoto anakunywa wa kwanza ungali moto, na uliobaki unafunikwa kwa sahani na kuachiwa dada yake, ambaye mwenyewe ana miaka saba au minane. Saa nne anamnywesha. Saa kumi alasiri anamnywesha tena, na mama bado hajarudi. Nimeuguza watoto kwa muda wa kutosha kuamini kwamba maisha ya wengi wao huamuliwa hapo, kati ya uji wa asubuhi na uji wa alasiri.

Hesabu yake ni rahisi na inatisha. Mwaka 1885 daktari Theodor Escherich alieleza bakteria aliyemwona kwenye kinyesi cha watoto wachanga mjini Munich, ndiye tunayemwita leo E. koli. Aina nyingi za bakteria huyu hukaa tumboni bila kumdhuru mtu, lakini zipo zinazoleta kuhara na kuua. Katika joto linalomfaa anaweza kugawanyika kila dakika 20. Tuseme huku kwetu, kwenye mwinuko wenye hewa ya wastani, anachukua dakika 45. Bakteria mmoja aliyeingia na kijiko saa moja asubuhi, uji ulipopoa, saa kumi alasiri amekuwa zaidi ya 4,000. Na hakuna kijiko kinachoingiza bakteria mmoja tu.

Nyankunde iko kilomita kama 45 kusini-magharibi mwa Bunia, katika jimbo letu la Ituri huku Kongo, kwenye uchifu wa Andisoma, nchi ya Wabira. Watu wa mbali wanaijua kwa sababu ya hospitali yake, CME, iliyojengwa na misheni kadhaa zilizoungana katikati ya miaka ya 1960 chini ya uongozi wa Daktari Carl Becker, Mmarekani aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi Oicha. Mwaka 1966 akaja Daktari Helen Roseveare kufundisha wauguzi. Sisi tuliokulia karibu na hospitali hiyo tulisikia habari za vijidudu tangu utotoni, kanisani, shuleni na kisimani. Tuliimbiwa kunawa mikono. Kwa hiyo sitaki kusikia tena, katika semina yoyote, kwamba watoto wa Ituri wanaugua kwa sababu mama zao hawajui usafi. Wanajua. Nimewaona wakikwangua masizi ya sufuria kwa mchanga na majivu hadi inang'aa, kisha wakaisuuza kwa maji ya bidoni moja waliyoyabeba kichwani kupanda mlima, maji hayo hayo yakitakiwa yatoshe kunywa, kupika na kuoga.

Tabia ya kutembelea watoto majumbani, baada ya kutoka wodini, nilijifunza kwa nesi mmoja mzee aliyenifundisha kazi. Alisema wodini unaona ugonjwa, nyumbani unaona chanzo. Siku moja nilikwenda kwa mama mmoja ambaye jirani zake wote wanamwita Mama Mapasa kwa kuwa amezaa pacha. Mmoja wa pacha wake alikuwa ametoka kulazwa kwa kuhara, mwenzake alikuwa mzima. Nilifika mchana, mama hayupo. Binti wa kwanza alinikaribisha kwa heshima, akanipa kigoda, akaendelea na kazi yake. Alifunua sufuria ndogo, akachukua kijiko kilichokuwa juu ya mfuniko, akaonja uji, akakirudisha ndani akakoroga. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimefungwa kitambaa cha kitenge. Nilimwomba anioneshe. Ilikuwa jipu dogo, limepasuka, linatoa usaha. Utando mwembamba ulikuwa umeshika juu ya uji, na aliutoa kwa kidole hicho hicho, kwa uangalifu, kwa sababu mdogo wake hapendi utando.

Katika jipu la namna ile hukaa Stafilokoka, bakteria anayeishi pia puani na kwenye ngozi ya watu wazima kabisa. Akiachiwa saa kadhaa ndani ya chakula cha uvuguvugu hutengeneza sumu, na sumu hiyo haivunjiki kwa kupasha moto. Ndiyo maana ushauri wa "chemsha tena" ni mzuri lakini hautoshi. Kuchemsha tena kunaua bakteria kama Salmonela, E. koli na Shigela. Sumu iliyokwisha kutengenezwa inabaki, na mtoto atatapika ndani ya saa chache. Yupo mwingine, Basila sereusi, anayependa vyakula vya nafaka. Huyu hujifunga kama mbegu ngumu inayostahimili kuchemka, kisha chakula kikipoa polepole ndani ya sufuria nene huamka na kuzaana. Uji ulioiva vizuri alfajiri hauna hatia. Muda ndio unaougeuza. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisiachwe zaidi ya saa mbili bila kuwekwa mahali pa baridi. Katika kijiji kisicho na friji hata moja kwenye mtaa mzima, shauri hilo maana yake ni kwamba mtoto apikiwe kila anapokula, na hapo tunarudi kwenye kuni.

Mama Mapasa aliporudi na mihogo mgongoni nilimweleza nilichokiona. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza:

"Basi nesi, nifanye nini? Niache shamba?"

Sikuwa na jibu la mkato, na sidhani kwamba yuko mtaalamu mwenye nalo. Tulizungumza hadi jioni. Tulikubaliana mambo madogo: kidole kisafishwe na kifungwe, na binti asipike wala kulisha mpaka kipone, uji wa mchana usiwe uji bali ndizi mbivu inayomenywa wakati wa kula, au parachichi, kwa sababu tunda lenye ganda halikai na vijidudu ndani yake mpaka ulifungue, na kikombe chenye mdomo mpana kichukue nafasi ya biberoni, chupa ya kunyonyeshea. Biberoni ile niliitazama kwenye mwanga. Ndani ya chuchu ya mpira kulikuwa na mstari mweupe wa maziwa yaliyoganda ambao hakuna brashi ya nyumba ile ingeufikia. Kikombe unakiosha kwa vidole na sabuni, unakianika juani, basi.

Kulikuwa na jambo la nne ambalo hatukukubaliana haraka, nalo ni kuku. Kuku wa Mama Mapasa walilala jikoni, kama walalavyo kuku wa nusu ya kijiji, maana nje wanaibiwa au wanaliwa na wanyama. Pacha walitambaa asubuhi juu ya sakafu ile ile ya udongo, na mtoto anayetambaa hula kila anachookota. Huko Haydom, kaskazini mwa Tanzania, watafiti waliwafuata watoto tangu kuzaliwa katika utafiti mkubwa uliofanyika pia katika nchi nyingine saba. Walimkuta Kampilobakta, bakteria anayeishi sana tumboni mwa kuku, kwenye kinyesi cha watoto wengi mno kabla hawajatimiza mwaka, hata wasioharisha. Waliokuwa naye mara kwa mara walikuwa wafupi kuliko wenzao walipofika miaka miwili. Ninalifikiria sana jambo hilo. Mtoto haonekani mgonjwa, anacheza, hana choo cha maji, kumbe utumbo wake umevimba ndani na chakula hakimjengi. Mama anaambiwa "mlishe zaidi" wakati tatizo si kiasi cha chakula. Mume wa Mama Mapasa mwishowe alijenga kibanda cha kuku kwa fito na udongo, chenye mlango wa kufunga kwa kufuli. Kilichomsukuma ni kufuli, kwa ajili ya wezi. Mimi nilifurahi kwa sababu nyingine.

Bibi yangu aliyenilea alikuwa na uji wake wa namna tofauti kabisa. Unga wa mahindi na mtama aliuloweka kwenye chungu kilichokaa kona ya jiko, na hakukiosha chungu hicho hadi chini. Aliacha mabaki kidogo ya jana yaanzishe ya leo. Baada ya siku mbili unga ulitoa harufu kali na mapovu madogo, ndipo akaupika. Uji ulikuwa mchachu hata ukatukunja uso, lakini ulikaa mpaka jioni bila kuharibika. Nilipokuwa mwanafunzi niliambiwa na watu wenye vyeti kwamba huo ni uchafu wa kizamani. Baadaye nikasoma kazi ya Mtanzania Wilbald Lorri na mwenzake Ulf Svanberg, waliolinganisha watoto wa kijijini Tanzania na kuchapisha matokeo yao mwaka 1994: waliokunywa uji uliochachushwa walipata kuharisha mara chache kuliko waliokunywa uji wa kawaida. Bakteria wa chachu hutengeneza asidi, na asidi hiyo hubaki ndani ya uji hata baada ya kupikwa; E. koli na Shigela wakiingia na kijiko wanashindwa kuzaana kwa kasi. Watanzania wanajua togwa. Huku kwetu uji mchachu umekuwa aibu, chakula cha watu wa porini, na vijana wanataka unga mweupe na sukari. Tumetupa kinga iliyokuwa haigharimu hata faranga moja.

Lakini kuharisha si sura pekee ya ugonjwa huu, na hapa ndipo watoto wengi wanatuponyoka. Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo kimoja cha afya, alifikishwa mvulana aliyekuwa ameanza tu kutembea. Homa kali, mweupe viganjani, wengu limejaa chini ya mbavu za kushoto. Kipimo cha haraka kilionesha malaria, na Ituri malaria haishangazi mtu. Alianzishwa artesuneti ya sindano. Siku iliyofuata wadudu wa malaria walikuwa wamepungua sana kwenye darubini, ila homa ilikuwa pale pale na mtoto anapumua kwa haraka. Hakuharisha hata mara moja. Daktari aliyekuja zamu ya mchana alimtazama kwa muda, akaagiza seftriaksoni iongezwe mara moja. Akatueleza sisi wauguzi pale pale kitandani kwamba kwa mtoto mwenye malaria kali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka apewe pia dawa ya bakteria, hadi ithibitike kwamba hana bakteria kwenye damu. Mtoto yule alipona. Mama yake aliniuliza ameugua nini, nikamwambia vijidudu vya chakula vimeingia kwenye damu. Alinitazama kwa mashaka, maana tumbo la mwanawe lilikuwa halijauma.

Kundi la Salmonela lisiloleta homa ya matumbo, ambalo Ulaya humpa mtu mzima siku chache za kuharisha na kwisha, katika Afrika huingia kwenye damu ya watoto wadogo. Makadirio ya dunia ya mwaka 2017 yalihesabu wagonjwa wa namna hii wapatao 535,000 na vifo kama 77,500, wengi wao katika Afrika kusini mwa Sahara. Kwa nini hapa na si kule? Jibu limo katika damu ya mvulana yule. Malaria inapovunja chembe nyekundu, inaacha damuni mabaki yenye madini ya chuma, na askari weupe wa mwili wanaotakiwa kuiua Salmonela hutoka ubohoni kabla ya wakati, wakiwa hawajakomaa, wanaimeza lakini hawawezi kuiangamiza. Malaria inaifungulia Salmonela mlango kutoka ndani.

Pwani ya Kenya, Kilifi, Anthony Scott na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba malaria ilipokuwa imeshamiri, zaidi ya nusu ya maambukizi ya bakteria kwenye damu ya watoto yalitokana na malaria hiyo, na ilipopungua nayo yalipungua. Muheza, mkoani Tanga, waliona vivyo hivyo kwa Salmonela: malaria ilishuka, nayo ikashuka. Kwa sababu hiyo mimi nikizungumza na akina mama juu ya usafi wa chakula ninaanza na chandarua. Wengine hunishangaa. Chandarua kilichotobolewa kutegea samaki au kuzungushia miche ya mboga kimemwacha mtoto bila ulinzi wa kitanda chake, na vilevile bila ulinzi wa sahani yake.

Mambo mengine yanayomweka mtoto hatarini yanajulikana: utapiamlo, upungufu wa damu, virusi vya UKIMWI, na sikoseli. Hili la mwisho linasahaulika huku kwetu ingawa katika Kongo karibu watoto 2 kati ya kila 100 huzaliwa nalo. Wengu la mtoto wa sikoseli huharibika mapema, na wengu ndilo linalochuja bakteria kwenye damu. Salmonela huingia hadi kwenye mifupa yake. Nimemwona mtoto aliyevimba mkono, halali usiku kwa maumivu, akichanjwa chale kwa wembe kwa miezi kwa sababu familia iliamini amerogwa na jirani. Jirani yule alihama mtaa. Ugonjwa ulikuwa ndani ya mfupa, na dawa yake ilikuwepo.

Na maziwa ya mama. Miezi sita bila kitu kingine, hata maji. Bibi zetu hawakubali hili kwa urahisi, maana kumnyima mgeni maji ni kosa, na mtoto mchanga ni mgeni. Lakini kijiko cha maji ya sukari siku ya tatu ya maisha ni kijiko cha vijidudu kwenye tumbo ambalo bado halina asidi ya kutosha kuwaua. Nimejifunza kuzungumza na bibi kwanza kabla ya mama, kwa sababu ndiye anayeamua. Bibi akishasema "mwacheni mtoto anyonye," hakuna atakayeleta kijiko.

Sasa niseme juu ya Widal, kwa sababu inaniumiza. Ni kipimo cha tifoide, yaani homa ya matumbo, kilichobuniwa mwaka 1896, na Bunia leo kila kona yenye msalaba mwekundu ukutani inakifanya. Mtoto ana homa, anatobolewa kidole, dakika chache baadaye mama anapewa karatasi: tifoide. Kipimo hiki hakimtafuti bakteria, kinatafuta alama za vita ambavyo mwili umewahi kupigana, pengine miezi mingi nyuma, pengine na adui mwingine kabisa. Watu wazima wengi wa Ituri wakipimwa wakiwa wazima wa afya wangeweza kuambiwa wana tifoide. Kwa mtoto mdogo madhara ni mawili. Anayeumwa kitu kingine anapewa siprofloksasini bila sababu, na mwenye Salmonela halisi ya kwenye damu, isiyo ya tifoide, anaambiwa hana kitu. Kumtambua bakteria kwa uhakika kunahitaji kuotesha damu, na hospitali nyingi za vijijini hazina uwezo huo. Nilimpokea binti mdogo ambaye zahanati moja binafsi ilikuwa imemtibu "tifoide" mara tatu kwa dawa tofauti. Alifika akiwa mifupa na macho tu.

Gharama ya dawa hizi za kubahatisha tumeanza kuilipa. Wataalamu waliochunguza Salmonela kutoka kwa watoto wa Kongo walichapisha mwaka 2019 habari za ukoo uliozuka nchini mwetu, unaostahimili ampisilini, kotrimoksazoli, kloramfenikoli, seftriaksoni na azithromisini. Hizo ndizo dawa tulizo nazo kabatini. Baada ya hapo muuguzi anabaki na maji ya drip na maombi.

Yote niliyosema hadi hapa ni ya mtoto aliye kwao. Ituri si kila mtoto ana kwao. Tarehe 5 Septemba 2002 Nyankunde ilivamiwa. Waliuawa watu zaidi ya elfu moja, wagonjwa wakiwa vitandani, na hospitali ikaporwa. Walionusurika waliingia msituni kwa miguu kuelekea Oicha, mwendo wa kilomita kama 150. Nimewasikiliza mama wengi waliotembea safari ile. Wanasimulia risasi kwa maneno machache. Kinachowatoa machozi ni chakula: muhogo uliopikwa usiku bila moshi kuonekana, ukafungwa kwenye majani, ukaliwa siku ya pili na ya tatu, maji ya kijito ambacho waliotangulia walikuwa wamekivuka, mtoto aliyeanza kuharisha, na hakuna chumvi wala sukari. Vijidudu vilivyoua watoto wa safari ile havikuwa na bunduki, lakini chanzo cha vifo hivyo ni uvamizi ule ule.

Hospitali ilijengwa tena, na watu wakarudi kulima. Tangu mwisho wa 2017 vita vya eneo la Djugu, humu humu Ituri, vimejaza kambi, na katika kambi ya Kigonze pale Bunia nimeona mahema yaliyosongamana hivi kwamba jiko la mama mmoja liko hatua chache tu kutoka choo cha majirani. Tunajua tangu Goma, Julai 1994, jinsi mambo yanavyokwenda: wakimbizi wa Rwanda karibu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, kwa kipindupindu na kisha kuhara damu kwa Shigela aliyekuwa amekwisha kuzoea dawa. Aliyekimbia hawezi kuchagua muda wa kupika, mahali pa kujisaidia wala maji ya kunywa. Kumwambia anawe mikono kwa sabuni bila kumpa sabuni ni kumsimanga.

Na sabuni tuliwahi kuwa nayo. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, kulikuwa na ndoo ya maji ya klorini kwenye kila mlango, wa kanisa, wa soko, wa shule, wa baa. Hukuingia bila kunawa. Sikuwa na takwimu mkononi, lakini sisi wauguzi tuliona mikono ya watu ikiwa safi kuliko wakati wowote. Ebola ikaisha, magari yakaondoka, bomba za ndoo zikakatika moja moja na hakuna aliyezibadilisha. Ebola ile iliua watu 2,287. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba chakula kichafu kinaua watoto wa chini ya miaka mitano wapatao 125,000 duniani kila mwaka, na kwamba watu wa Afrika ndio wanaobeba mzigo mzito kuliko wote kwa idadi yao. Watoto hao hawafi kwa pamoja mahali pamoja, kwa hiyo hakuna helikopta inayotua kwa ajili yao.

Jambo lililonipa moyo kuliko semina zote nililiona kwenye mtaa mmoja nje ya Bunia. Wanawake wa barabara moja, wengi wakiwa wamekimbia kutoka Djugu, walipeana zamu. Kila siku mmoja wao haendi shambani wala kwenye kibarua. Anabaki mtaani, na wenzake wote wanamwachia kikombe cha unga na kijiti cha kuni kila mmoja. Saa sita mchana anawasha moto mmoja na kupika sufuria moja, na watoto wote wadogo wa barabara wanakunywa uji wa moto, mikono ikiwa imenawishwa kwenye beseni, mmoja baada ya mwingine. Saa kumi anapika tena. Hakuna shirika lililowafundisha. Waliniambia walianza baada ya kuzika mtoto. Nawaomba wakuu wa zone za afya, makanisa na mashirika yenye bajeti ya "uhamasishaji" waende wakawaone wanawake wa namna hii, kisha wawape majiko yanayokula kuni kidogo, maji ya bomba karibu, na chandarua kwa kila kitanda. Mabango tunayo ya kutosha.

Na wewe mzazi unayesoma haya: mtoto akiharisha, endelea kumnyonyesha na kumlisha, mpe maji ya chumvi na sukari mara moja, lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, na umwombe nesi zinki ya siku 10 hadi 14. Hata akipata nafuu usimwache bila kumwangalia, maana utafiti uliofanyika Kenya na nchi nyingine sita ulionyesha kwamba mtoto aliyeharisha vibaya ana hatari ya kufa mara 8.5 zaidi ya mwenzake katika miezi miwili inayofuata, na zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilitokea nyumbani. Lakini mtoto mwenye homa, awe anaharisha au haharishi, ambaye hawezi kunyonya, au anatapika kila kitu, au amepata degedege, au amelegea haamki vizuri, huyo usimpeleke kwenye Widal wala kwa mchanja chale. Mpeleke hospitali leo, na kama ni usiku mpeleke usiku huo huo.